Pigo la Tatu Haligongwi

OPERETA: Ngara, Biharamulo hapa. Mtu wako wa Dar es Salaam amepatikana. Amelipia dakika tisa, na leo sina ya kuongeza, laini zote zinatakiwa na vita. Ongea, Dar.

PHILBERT: Haloo? Posta ya Ngara? Nimempata nani?

SPECIOSA: Umempata Speciosa, wa Mabawe. Na wewe ndiye nani?

PHILBERT: Philbert. Philbert wa Nyakisasa, niko huku chuo kikuu.

SPECIOSA: Shikamoo, kaka.

PHILBERT: Marahaba. Habari za—

SPECIOSA: Sauti yako inatoka kama uko ndani ya mtungi.

PHILBERT: Ni laini. Mvua imenyesha sehemu fulani katikati. Mtoto hajambo?

SPECIOSA: Deodata yuko mgongoni, anavuta waya wa watu. (mbali na simu) Acha, mama. Acha hiyo. (anarudi) Hajambo. Ana meno manne.

PHILBERT: Na Baba Deodata?

SPECIOSA: Alipanda lori Novemba, na wenzake wa mgambo.

PHILBERT: Hilo nalijua. Ameandika?

SPECIOSA: Huku nako mvua zimeanza, kaka. Maharage yamependeza.

PHILBERT: Sawa. Sawa, dada. Sasa nipe shangazi yako, dakika zinakwenda.

SPECIOSA: Kwanza niambie, asali ilifika?

PHILBERT: Dumu la asali? Kumbe ni nyinyi? Liko mezani kwangu wiki nzima, na kikapu cha maharage, na karatasi imeandikwa "Kwa Kamati". Karani wangu anaogopa kuligusa, anadhani ni mali ya serikali.

SPECIOSA: Ile karatasi niliandika mimi. Ni vya karamu.

PHILBERT: Karamu ya nani?

SPECIOSA: Yenu ya kesho. Telegramu ninayo hapa, nakusomea. "Ukumbi tayari. Kamati kula Jumamosi tarehe kumi jina la ukumbi. Mwalimu Theodosia njoo." Tukasema, basi kamati inamfanyia shangazi karamu ya kuupa ukumbi jina lake. Shangazi akasema safari ni siku tatu na mabasi yamechukuliwa kubeba askari, tutume hata asali, wasije wakala vikavu.

PHILBERT: Hebu soma tena, baada ya kamati.

SPECIOSA: Kula. K, u, l, a. Kusoma najua siku hizi, kaka, nina cheti cha kisomo.

PHILBERT: Mimi niliandika kura. Kwa r. Kamati inapiga kura.

SPECIOSA: Kura?

PHILBERT: Kura, Speciosa. Ya kuamua jina.

SPECIOSA: Ngoja. (mbali na simu) Bwana Bizimana, hapa uliambiwa nini? Hapa, neno hili. (kimya) Karani wa posta anasema yeye aliandika alichosikia. Aliyemsomea kwenye waya alisema kula, na tena alilisema vizuri kabisa. Alikuwa mtu wa Biharamulo.

OPERETA: Hakuwa mimi. Mimi r zangu ziko sawa.

PHILBERT: Opereta, unatusikiliza?

OPERETA: Nachunga laini, ndugu. Ongeeni.

SPECIOSA: Kaka, hatukuelewa. Tulidhani jambo limekwisha. Jina si mlishampa? Barua ya Krismasi ulisema jiwe limechongwa.

PHILBERT: Limechongwa, liko ukutani, mlangoni pa ukumbi mpya wa muziki. "Ukumbi wa Theodosia." Limefunikwa kitambaa. Lakini tangu Januari kuna Bwana Ngeleja kwenye kamati, ameanza maneno. Anasema nchi iko vitani, vijana wanakufa, na sisi tunataka kumpa heshima mtu wa kuimba Kilatini na Kitaliano. Anataka uitwe Ukumbi wa Ushindi. Sasa nani atasimama apinge Ushindi? Useme nini?

SPECIOSA: Mhm.

PHILBERT: Nikamjibu kwamba huyu mama ni mkulima kuliko yeye, ameacha nyumba ya chuo amerudi kijijini, analima na wenzake shamba la ujamaa. Akaniuliza, nani amemwona? Miaka minne hajaonekana. Aliondoka kwa likizo ya mwezi mmoja, hakuaga wanafunzi, hakuimba tena hata redioni. Wapo wanaosema alivuka mto akaenda Burundi. Yupo mmoja aliyesema mbele yangu kwamba amekufa, na barua zake naandika mimi ili nipate umaarufu.

SPECIOSA: Amekufa?

PHILBERT: Ndivyo alivyosema. Sasa mwenyekiti ni mtu wa haki, akasema tusibishane, tumsikie mwenyewe. Amenipa rekoda. Nimeifunga kwa waya hapa kwenye simu, kaseti iko tayari. Sihitaji hotuba, Speciosa. Aimbe mstari mmoja. Asipotaka kuimba, aseme tu, mimi Theodosia nipo na nimekubali. Kesho saa tatu asubuhi nawachezea, tunapiga kura, tunamaliza. Bila hiyo sauti jiwe linang'olewa.

SPECIOSA: Linang'olewa kweli?

PHILBERT: Fundi ameshaambiwa. Basi nipe Mwalimu.

SPECIOSA: Yuko shambani.

PHILBERT: Shambani? Telegramu ya pili nilisema yeye mwenyewe awe posta saa kumi. Au hiyo nayo ilisomwa vingine?

SPECIOSA: Hiyo ilisomeka. Nimekuja mimi.

PHILBERT: Kwa nini wewe?

SPECIOSA: Jembe halina siku ya mapumziko, kaka. Mvua ikianza—

PHILBERT: Speciosa.

SPECIOSA: Nakusikia.

PHILBERT: Amekasirika na sisi?

SPECIOSA: Hapana.

PHILBERT: Anaumwa?

SPECIOSA: Hapana. Mzima. Jana ametembea mpaka Nyakisasa na kurudi.

PHILBERT: Nani anakohoa hapo?

SPECIOSA: Ni Bwana Bizimana.

PHILBERT: Bizimana ana kikohozi cha mwanamke?

OPERETA: Dakika tatu zimekwisha. Mnaendelea?

PHILBERT: Tunaendelea. Speciosa, nisikilize. Mimi nilitoka Nyakisasa sijui hata piano ina rangi gani. Yule mama alinikuta nafagia ukumbi wa chakula hapa, nikiimba nyimbo za kanisani, akanisimamisha. Siku ya kwanza aliniambia nina sauti ya mbuzi aliyesahauliwa kamba, lakini ni mbuzi mwenye sikio. Leo nafundisha kwenye chumba chake. Kiti chake hakijakaliwa na mtu. Kama amenikataa, aseme yeye. Nitavumilia. Ila asinitumie asali.

SPECIOSA: Usiseme hivyo.

PHILBERT: Niseme vipi, basi?

SPECIOSA: (mbali na simu) Shangazi, nifanyeje? (kimya) Hapana, siwezi kumdanganya tena, angalia anavyosema. (kimya) Shangazi.

PHILBERT: Haloo? Uko naye? Yuko hapo?

SPECIOSA: Yuko hapa, kaka.

PHILBERT: Mpe simu.

SPECIOSA: Yuko hapa tangu uliposema haloo. Ameweka sikio upande wa pili wa simu, tumebanana naye na mtoto mgongoni. Lakini nikimpa hutasikia kitu.

PHILBERT: Kwa nini?

SPECIOSA: Aliniapisha nisiseme. Sasa amefumba macho, ameinamisha kichwa. Nadhani ameniruhusu. (mbali na simu) Umeniruhusu? (kimya) Ameniruhusu. Kaka, hana sauti.

PHILBERT: Mafua?

SPECIOSA: Hana sauti. Unakumbuka lile rovu?

PHILBERT: Uvimbe wa shingo? Ulikuwa mdogo. Alikuwa analifunika na kitambaa cha hariri akipanda jukwaani.

SPECIOSA: Lilikua. Mwaka ule wa sabini na tano alipokuja likizo, lilikuwa linamziba hewa, usiku anakoroma kama anavuta gunia. Wakampasua. Daktari alimwambia mapema kwamba mshipa wa sauti umepita humohumo kwenye rovu, anaweza kuupoteza. Akauliza, nikikataa? Akaambiwa hutafika Pasaka. Akakubali. Alipoamka akaita jina langu, mdomo ukatingishika, hakikutoka kitu. Baada ya miezi ukaja mnong'ono. Ndio huo hadi leo. Ukiwa naye jikoni unamsikia. Kwenye waya hausafiri, tumejaribu sasa hivi kabla hujapiga, Bwana Bizimana alisikiliza upande wa pili wa waya akasema anasikia upepo tu.

PHILBERT: (kimya)

SPECIOSA: Kaka?

OPERETA: Dar, mnaongea?

PHILBERT: Tunaongea. Usikate. Miaka minne. Aliniandikia kwamba amepumzika kuimba.

SPECIOSA: Si ndiyo ukweli?

PHILBERT: Kwa nini hakusema? Tungekuja. Wanafunzi wake wote tungekuja, kwa miguu.

SPECIOSA: Ndiyo sababu. Alisema mkijua mtakuja na machozi, halafu mtampa ukumbi kwa kumhurumia, kama mtu anavyopewa blanketi hospitali. Alisema, kama ni heshima na waipe ile kazi. Kwa huruma asipewe mlango wenye jina lake. Akasema afadhali uitwe jina lolote.

PHILBERT: Na sasa?

SPECIOSA: Sasa analia. Hapana, hajalia. Ananikataza nisikuambie kwamba analia.

PHILBERT: Mwambie... Sijui umwambie nini. Nikipeleka habari hii kesho, Ngeleja atainuka mwenyewe, atasema jamani, maskini, tumwachie jina. Atashinda kwa huruma ileile asiyoitaka. Nisipopeleka, sina sauti ya kuwapa. Jiwe linatoka.

SPECIOSA: Hilo ndilo linalomkaa hapa kifuani tangu umesema kura. Mimi nataka libaki, kaka. Mimi najua ni kiburi changu. Lakini huyu mtoto siku moja apelekwe huko, asome jina la nyumbani kwao kwenye ukuta. Hata mimi nitalisoma. Miaka miwili iliyopita nisingeweza.

PHILBERT: Ulisoma wapi?

SPECIOSA: Kwake. Si ndiye mwalimu wetu wa kisomo. Jioni, darasa la shule, akina mama ishirini na wazee wawili.

PHILBERT: Anafundisha? Bila sauti?

SPECIOSA: Anaandika ubaoni, halafu anagonga meza. Kwa kifundo cha kidole, hivi. Tunasoma kwa pamoja. Kama Mama Auleria amekimbilia mbele, anamtazama tu, Mama Auleria mwenyewe anaanza upya. Hakuna darasa Mabawe lenye nidhamu kama letu, na hakuna aliyewahi kupigiwa kelele.

PHILBERT: Anagonga mara ngapi?

SPECIOSA: Nini?

PHILBERT: Meza. Mara ngapi kabla hamjaanza?

SPECIOSA: Mara mbili, halafu anasubiri. Ile ya tatu haigongi. Mwanzoni tulikuwa tunavamia, anafuta ubao, tunaanza tena. Mpaka tukajua kwamba pale mahali pa tatu unavuta pumzi, kisha unaingia. Kwa nini?

PHILBERT: Pigo la tatu haligongwi.

SPECIOSA: Enhe. Ameliandika hivyo kwenye pembe ya ubao. Halifutwi.

PHILBERT: Kwetu aliliandika kwenye piano, kwa chaki, juu ya mbao nyeusi. Mkuu wa idara akakasirika. Speciosa, hiyo simu umesimama nayo kwenye nini?

SPECIOSA: Kwenye kibanda. Kina mbao pande zote.

PHILBERT: Mwombe agonge.

SPECIOSA: Agonge nini, kaka?

PHILBERT: Mbao. Kama darasani. Shika simu karibu na mkono wake. Kaseti inazunguka. Na wewe opereta, nakuomba, ukisikia kimya usikate, kimya hicho ni chake.

OPERETA: Dakika sita zimekwisha. Sikati.

SPECIOSA: (mbali na simu) Shangazi, anataka ugonge. Kama kwenye kisomo. (kimya) Anauliza, zoezi gani?

PHILBERT: La kwanza. Lile la "a" moja, ndefu.

SPECIOSA: Anapangusa mkono kwenye kitenge. Haya.

(Ko. Ko.)

PHILBERT: Aaa—

SPECIOSA: Simama. Simama, kaka. Amefunga macho kama amemeza ndimu.

PHILBERT: Nini?

SPECIOSA: Subiri ananinong'oneza. (kimya) Anasema umewahi. Anasema miaka minne ya mshahara wa chuo na bado unawahi.

PHILBERT: (anacheka, halafu hacheki) Mwambie ni laini.

SPECIOSA: Anasema laini haina kosa. Rudia.

(Ko. Ko.)

(Kimya.)

PHILBERT: Aaaaaa.

SPECIOSA: Kaka.

PHILBERT: Amesemaje?

SPECIOSA: Hakusema. Ameinua mkono na ameushusha polepole, kama anaweka yai chini.

PHILBERT: Hiyo nilipewa mara mbili tu maisha yangu. Nisikilize sasa, na yeye asikilize. Kamati ina watu saba. Wanne walisimama mbele ya meza yake wakiwa wanafunzi. Hata Ngeleja. Huyo alikuwa anawahi kuliko mimi, Mwalimu alifuta ubao kwa ajili yake mwaka mzima. Kesho sitasema neno la ugonjwa. Nitaweka kaseti, nitawachezea mapigo mawili, basi. Yakifika pale pa tatu, vifua vyao vitapanda vyenyewe. Waseme basi hawamjui. Waseme amekufa.

SPECIOSA: Na wakimjua, wakauliza mbona haimbi?

PHILBERT: Sijui. Muulize yeye.

SPECIOSA: (mbali na simu) Umesikia? (kimya) Anasema waambie. Lakini baada ya kuhesabu kura. Mkono ulioinuliwa kabla hawajajua haukuinuliwa kwa huruma. Na kama wameuita Ushindi, usigombane nao, usiseme lolote, nenda kafundishe.

PHILBERT: Hilo la mwisho siliwezi.

SPECIOSA: Anasema hata zoezi la kwanza ulisema huliwezi.

OPERETA: Dar, Ngara, samahani. Bukoba wanaitaka laini. Ya jeshi. Nimewaambia dakika moja, nimeshawaambia mara mbili.

PHILBERT: Namaliza. Speciosa, kesho saa nane uwe hapo posta, nitatuma telegramu ya matokeo.

SPECIOSA: Nitalala hapahapa kwa Ernesta, mke wa Bwana Bizimana. Ila uandike neno ambalo halisomeki vingine.

PHILBERT: Nitaandika "jiwe limebaki". Au nisiandike.

SPECIOSA: Usipoandika tutaelewa. Kaka, ninyi wa huko mnapata orodha? Za walioko mbele. Mgambo wa Ngara—

PHILBERT: Nitauliza. Jina lake kamili?

SPECIOSA: Kazimili Shibuda. Aliondoka na barua yangu ya kwanza mfukoni, niliyoandika kwa mkono wangu. Nimemwandikia nyingine tatu. Labda kalamu hana.

PHILBERT: Labda kalamu hana. Nitauliza Jumatatu, asubuhi.

OPERETA: Ndugu zangu.

SPECIOSA: Tunakata. Kaka, ile asali?

PHILBERT: Nitawapa wale.

SPECIOSA: Baada ya kura, kaka. Isije ikaitwa rushwa.

PHILBERT: Baada ya kura. Mwambie Mwalimu kiti—

(Mkwaruzo.)

SPECIOSA: Kiti nini? Haloo? Kaka Philbert?

OPERETA: Ameondoka, mama. Bukoba wameichukua ile ya Dar. Umebaki na mimi tu.

SPECIOSA: Ahsante, dada. Umetusubiri sana.

OPERETA: Niulize kitu, kabla hujaweka simu?

SPECIOSA: Uliza.

OPERETA: Mimi ni Ng'washi. Nimekaa na vipokezi masikioni miaka sita, nasikia hata panya akipita kwenye waya. Yale mapigo ya mara ya pili nimeyasikia, moja, mbili. La tatu sikulisikia. Lakini nimejikuta hapa nimevuta pumzi, nimeinuka kabisa kwenye kiti, wenzangu wananitazama. Nilikuwa nasubiri nini?

SPECIOSA: (mbali na simu) Shangazi, umesikia alivyosema? (kimya) Dada Ng'washi, anatabasamu. Anasema basi umelisikia.